Siku Tulipozipeleka Skii za Baba Jebel Shams

Tangu nirudi kazini watu hawaishi kuniuliza. Wengine wamesikia kwamba baba yangu kavunjika mguu mlimani, wengine kwamba tulikwama siku tatu kwenye theluji, na yuko mmoja aliyeambiwa tulikwenda Lebanon. Hatukwenda Lebanon, hatukutoka hata nje ya Oman, na hakuna aliyevunjika. Nakuandikieni mambo yalivyokuwa, kutoka Sur mpaka huko juu na kurudi, nisiwe nasimulia nusu nusu kwenye korido huku wagonjwa wananingoja.

Sur mpaka Ibra

Mnakumbuka baridi ilivyorudi ghafla mwishoni mwa msimu, wakati sote tumeshaanza kuwasha viyoyozi. Mvua ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, Maryam, muuguzi mwenzangu anayetoka Al Hamra, alipigiwa simu na kaka yake, kisha akaja wodini akicheka. Juu ya mlima wao, Jebel Shams, kumeanguka theluji, akasema, imeshuka mpaka kwenye mazizi ya mbuzi, na wazee wa huko hawakumbuki kuiona ikichelewa hivyo.

Nilimpigia Baba nikidhani namfurahisha tu. Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini mtu na wazazi wake wenye umri ule wakimbilie mlima.

Baba aliondoka Unguja mimi nikiwa na miaka miwili, kwenda kusomea uhandisi Ulaya ya Mashariki. Ilikuwa akae miaka mitano. Alikaa tisa. Mambo ya nyumbani yalipozidi kuwa magumu, Mama alinichukua tukaenda Dubai kwa jamaa zake, akawa anashona mabuibui ya watu, halafu tukaja Oman. Barua za Baba zilikuja mara mbili tatu kwa mwaka na kila barua ilikuwa na theluji ndani yake. Leo nimeteleza mlimani. Jana tumeteleza mpaka jioni. Milima ya huku mizuri, hewa safi. Mama alizisoma sindano ikiwa mkononi.

Alipokuja, nilikuwa na miaka kumi na moja na simjui. Alishuka uwanja wa ndege na sanduku moja na mbao mbili ndefu, zimepinda kwenye ncha, zimefungwa kwa shuka. Ndizo skii zake. Mama alimtazama, akazitazama, akasema, "Miaka tisa, kaja na mbao mbili." Maneno hayo aliyasema siku ile, na akayasema tena kila walipogombana kwa miaka thelathini. Mbao zenyewe zikawekwa juu ya kabati, na hapo zikakaa. Baba akapata kazi kwenye mitambo ya umeme, fundi wa jenereta chini ya vijana waliosoma kuliko yeye. Kwa nini mtu aliyekaa Ulaya miaka yote ile kusomea uhandisi awe fundi, halikuwa jambo la kuulizwa nyumbani kwetu.

Basi nilipomwambia habari za theluji, akasema, "Theluji ya mwezi huu haikai, mwanangu. Ishaanza kuyeyuka sasa hivi tunapozungumza."

Nikasikia simu ikichukuliwa mkononi mwake.

"Nani kapata nini?" Mama akauliza.

"Theluji, Mama. Imeanguka Jebel Shams."

"Kweli, au maneno ya watu?"

"Kweli. Maryam ana ndugu yake huko."

"Njoo utuchukue."

"Mama, kesho nina zamu."

"Badilisha," akasema, na simu ikakatwa.

Maryam alinishikia zamu. Niliondoka Sur alfajiri, na nilipopita Bidiya mchanga ulikuwa umelowa hadi umekuwa rangi ya kahawa ya maziwa. Nilipofika Ibra, nyumbani kwa wazazi, Mama alikuwa amekaa kibarazani amevaa baibui na juu yake sweta mbili, na pembeni yake kikapu cha maandazi, sambusa na chupa mbili za chai. Skii zilikuwa zimeshateremshwa kutoka kabatini. Yeye ndiye aliyezifunga juu ya gari yangu ndogo, kwa kamba ya kuanikia nguo, mafundo matatu kila upande. Baba alisimama mlangoni amevaa kanzu na kofia, fimbo yake ya kutembelea mkononi, hana hata koti.

"Mama Zuwena," akasema, "wajua ni safari ya kutwa nzima? Na huko juu baridi. Na mgongo wako."

"Mgongo wangu nnaujua mwenyewe," Mama akamjibu. "Nenda kavae viatu vyako vya kazi."

Ibra mpaka Mudhaibi, ambako maji yalituzuia

Nilitaka kukata kupitia Mudhaibi na Sinaw mpaka Izki, kisha Nizwa. Kwa siku ya kawaida ni njia ya raha. Hatukuwa tumekwenda hata saa moja tukakuta magari yamesimama na watu wako nje. Wadi, mto ambao siku nyingi huwa mkavu, ilikuwa imeshuka na mafuriko. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanapita juu ya barabara, yanabeba matawi ya mitende na mtungi wa gesi, na vile vigingi vyekundu na vyeupe vya kupimia kina vilikuwa vimezama vyote isipokuwa vichwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikaa pale mpaka saa kumi.

Gari ya mbele yetu ilikuwa pikapu ya mzee mmoja wa Kibedui, amepakia mbuzi wanne, na mkewe amekaa mbele amevaa barakoa ya jadi ya wanawake wa kwao. Walipotuona tuna wazee wakatandika mkeka wa plastiki, wakatoa tende na kahawa. Mama akatoa sambusa zake. Yule mzee alikuwa anazitazama skii tangu tulipofika, na baada ya kikombe cha tatu akauliza kwa Kiarabu kama ni mbao za kitanda.

"Ni za kutelezea," Baba akamwambia. "Unavaa miguuni, unateremka juu ya theluji."

Mzee akafikiri. "Na gari je? Haliwezi kuteremka?"

"Laweza."

"Sasa mbao za nini?"

Mkewe yule mzee akacheka ndani ya barakoa yake, akamwongezea Baba kahawa kama anayempoza.

Mama hakukaa mkekani kwa muda mrefu. Alivua viatu, akashuka mpaka ukingoni mwa maji, akaweka jiwe mahali maji yalipoishia. Baada ya nusu saa akarudi kutazama. Jiwe lilikuwa limezama. Akaweka jingine. Hivyo hivyo, kwenda na kurudi, mpaka watu wa magari mengine wakawa wanamwuliza yeye badala ya kutazama wenyewe. Kwenye saa saba hivi alirudi akasema jiwe limebaki palepale. Saa nane jiwe likawa kavu.

Hapo Baba alimwita pembeni, lakini nilikuwa karibu na niliwasikia.

"Turudi," alisema. "Tukifika kesho mchana hakutakuwa na kitu. Theluji haimngoji mtu."

"Mie nilikungoja miaka tisa," Mama akasema. "Wadi ya Mudhaibi itanishinda?"

Alisema kwa sauti ya chini, bila ugomvi. Baba alikwenda kukaa ndani ya gari. Mimi nilijifanya nawapa mbuzi maganda ya ndizi. Nakiri kwamba wakati ule nilikuwa upande wa Mama. Siku zote nilikuwa upande wake. Nilikulia miguuni pa cherehani yake, na huyu bwana wa theluji nilimpata nimeshajifunza kusuka nywele zangu mwenyewe.

Saa kumi yule mzee wa mbuzi aliingia majini kwa miguu, maji yakamfika chini ya magoti. Akatuashiria. Akatangulia na pikapu yake polepole, nami nikamfuata palepale alipopita, nimeshikilia usukani mpaka vidole vikauma. Upande wa pili alipiga honi mara moja akashika njia yake.

Nizwa

Tuliingia Nizwa kabla ya magharibi, tukalala kwa mpwa wa Baba ambaye alituchinjia kuku bila kuuliza tunakwenda wapi. Alipoambiwa, alidhani amesikia vibaya.

Asubuhi Baba aliomba tupite sokoni. Tangu tuanze safari hili ndilo jambo la kwanza aliloliomba mwenyewe. Alitaka mafuta ya nazi ya kupaka mikanda ya ngozi ya skii, iliyokuwa imekauka na kujikunja, na mshumaa. Mie nikatafuta soksi nzito na glavu, na glavu hazikuwepo isipokuwa zile nene za wachomeleaji vyuma. Nikanunua hizo, jozi tatu.

Kwenye duka la mwisho Baba alimwuliza mwenye duka, Mhindi wa Kerala, kama amesikia habari za thalji, maana Kiarabu neno ni hilo hilo kwa theluji na kwa barafu ya kwenye friji. Mwenye duka akafurahi. Akafungua friji lake, akatoa mifuko miwili ya vipande vya barafu, akaiweka mezani.

"Siyo hii," Baba akasema. "Ya mlimani. Ya Jebel Shams."

"Hii nzuri kuliko ya mlimani," akasema yule bwana. "Safi. Maji ya chupa."

Baba ni mtu wa kuona haya. Aliichukua yote miwili akashukuru. Mama, aliyekuwa amekaa ndani ya gari, alipoona mumewe anatoka dukani na mifuko ya barafu mikononi, asubuhi yenye baridi kiasi kile, alifunika mdomo kwa ushungi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona akicheka jambo alilolifanya Baba.

Al Hamra, na njia ya kupandia

Karibu na Al Hamra tulianza kukutana na magari yanayoteremka. Vijana walikuwa wamejaza theluji nyuma ya pikapu, wengine wameifinyanga mtu juu ya boneti, amevishwa kofia na miwani ya jua. Maji yalikuwa yanachuruzika nyuma yao barabarani. Kila gari lililotupita lilikuwa linashusha kitu tulichokifuata.

Mahali lami inapokwisha na njia ya changarawe inapoanza kupanda, polisi alikuwa anazuia magari madogo. Alikuwa kijana mpole. Alimsalimia Baba kwa heshima, akasema gari hili halipandi leo, juu kuna utelezi, magari mawili yameshaserereka usiku. Hapo hapo pikapu moja ya vijana ikasimama, na mmoja wao, alipomwona Mama, akachota theluji kwa mikono miwili akamletea dirishani.

"Chukua, mama," akasema. "Hakuna haja ya kupanda."

Mama aliipokea kwenye glavu yake ya mchomeleaji. Ilikuwa ya kijivu, imejaa vijiwe na unyasi. Aliitazama kwa muda, kisha akamwonyesha Baba.

"Ndiyo hii?"

Baba aliigusa kwa kidole. "Hii ishakufa," akasema.

"Basi sio," Mama akasema, akaitupa chini, akafungua mlango na kutoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye landkruza kuukuu iliyokuwa imepakia majani ya mbuzi na madumu ya maji. Nilimkimbilia, maana Kiarabu cha Mama akikasirika huwa hakieleweki. Dereva alikuwa mtu wa makamo, amejifunga shali kichwani. Mama akaanza kumweleza, na huku akitafuta neno la Kiarabu akajisemea mwenyewe kwa Kiswahili, "Sijui wanasemaje hawa."

"Shikamoo mama," yule dereva akasema. "Sema tu Kiswahili. Mimi nilizaliwa Bujumbura."

Jina lake Nassor. Baba yake alikuwa na duka huko, akarudi kwao Al Hamra Nassor akiwa na miaka kumi na tano. Alikuwa anawapelekea majani watu wenye mifugo waliofungiwa juu na ile theluji.

"Nafasi iko?" Mama akamwuliza.

"Nafasi iko, lakini njia iko mbaya sana."

"Iko, iko," Mama akasema huku anapanda. "Nyie watu wa bara kila kitu kiko. Haya, twende."

Tukazifunga skii juu ya majani. Mama akakaa mbele, mimi na Baba nyuma. Njia inapanda kwa kona ambazo sitaki kuzieleza, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa. Kwenye kona ya nne au ya tano, mahali jua halifiki, Nassor alikanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Halikwenda kwa kasi. Lilikwenda polepole, kwa ubavu, kuelekea kule kusiko na mwamba, na Nassor akakanyaga zaidi.

"Toa mguu kwenye breki," Baba akasema pembeni yangu. Sauti yake sikuijua. "Toa kabisa. Tia gia ya kwanza, uache injini ishike. Usukani uelekeze kule unakoserereka. Sasa rudisha. Taratibu."

Tairi zikashika. Gari likasimama. Nassor akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akageuka akamtazama Baba.

"Mzee, wewe ulikuwa dereva wa wapi?"

"Sikuwa dereva," Baba akasema. "Nilikuwa nakaa pembeni ya dereva."

Mama hakugeuka, lakini niliona ameinua kichwa.

Juu

Kule juu ni uwanda mpana wenye mawe na miti ya alalani, ile migumu iliyopinda kwa upepo. Sehemu zilizopigwa na jua zilikuwa zimeshabaki mabaka mabaka ya theluji. Baba alishuka, akasimama, akavuta pumzi kwa pua mara mbili. Kisha akaanza kutembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka mingi, anapita mabaka yote bila kuyatazama, mpaka akafika nyuma ya kilima kidogo kinachotazama kaskazini. Huko theluji ilikuwa bado imelala nzima, nyeupe mpaka macho yanauma, mteremko wa kama uwanja wa mpira na zaidi, hauna hata alama ya kiatu.

Alichomeka fimbo yake. Ilivunja gamba la juu ikazama shubiri moja na nusu.

"Theluji ya mwisho wa msimu iko hivi," alinieleza, na alikuwa anaongea kama mtu aliyekuwa huku wiki iliyopita. "Alfajiri ni ngumu kama sahani, ukianguka inakuchana. Mchana inakuwa uji, mbao zinazama. Katikati kuna muda mfupi ambao juu imelainika na chini bado imara. Ndio sasa. Tuna saa moja, labda pungufu."

Lakini hakuzishusha skii. Alisimama pale anaitazama theluji, kisha akamgeukia Mama. "Haya, umeiona. Nassor ana kazi zake. Twende."

Mama alikuwa anahema kwa ile hewa nyepesi. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka vifundoni. "Mie sikuja kuiona theluji," akasema. "Nimekuja kukuona wewe ndani yake. Vaa."

Baba akakaa juu ya jiwe. Akazisugua mbao kwa mshumaa, chini, mbele mpaka nyuma, kwa mkono mmoja ulionyooka. Akakunja kanzu akaichomeka kwenye suruali. Nilimsaidia kufunga mikanda juu ya viatu vyake vya kazi. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nawaza nyonga, mifupa ya uzeeni, na hospitali ilivyo mbali.

Alisukuma kwa fimbo, akateremka hatua kumi, akaanguka ubavu. Nilipiga kelele. Aliinua mkono kuonyesha yuko salama, akajizungusha, akainuka mwenyewe. Akapanda tena kwa kukanyaga kiubavu, hatua baada ya hatua, mpaka alipokuwa. Akateremka mara ya pili.

Safari hii hakuanguka. Sijui niseme nini ili mwone nilichokiona. Baba yangu ana zaidi ya miaka sitini na kwenye ngazi za nyumbani anashika ukuta. Pale alikwenda bila sauti ila ule mkwaruzo wa gamba, akakata kushoto, akakata kulia, magoti yamekunjwa, mgongo umeinama mbele sana, kichwa chini, mikono imebana karibu na kifua. Alifika chini akasimama kwa kugeuza visigino. Nassor alipiga makofi. Mimi nilikuwa nalia bila kujua kwa nini.

Mama hakupiga makofi. Alimngoja apande, kazi iliyomchukua muda mrefu, na alipofika akiwa anatweta akamwuliza, "Ulikuwa unabeba nini?"

Baba akamtazama.

"Nimewaona watu wakicheza mchezo huu kwenye televisheni," Mama akasema. "Wanasimama wima, mikono wazi. Weye umeinama kama hamali. Mgongoni kulikuwa na kitu. Kitu gani?"

Baba alifungua mikanda, mmoja, wa pili, polepole.

"Unga," akasema. "Mara nyingi unga. Mikate. Mafuta ya taa."

"Kwa nani?"

"Kulikuwa na nyumba ya wageni juu mlimani. Barabara ikifunga, vitu vinapanda na lori mpaka nusu ya njia, halafu watu tunabeba mgongoni, vilima vya kupanda na vya kuteremka, mpaka mlangoni. Wageni walikuwa wanakuja kuteleza. Mie nilikuwa mfanyakazi. Naosha vyombo, nafukua theluji mlangoni, nabeba."

"Na masomo?"

"Yalikatishwa mwaka wa pili. Ilikuja barua kwamba hatulipiwi tena. Pasipoti ilikuwa imekwisha, pa kurudi sipajui, na nyie mmeshahama. Yule mzee mwenye nyumba alinipa kitanda. Hizi mbao ni zake. Aliponiaga alinipa."

Upepo ulikuwa umetulia. Nassor aliondoka akaenda kushughulika na majani ya mbuzi, Mungu ambariki, maana alikuwa anaelewa kila neno.

"Uliandika kwamba unateleza," Mama akasema. "Kila barua. Leo nimeteleza, jana nimeteleza."

"Nilikuwa nateleza."

"Seif." Katika maisha yangu sijawahi kumsikia akimwita kwa jina. "Nilikuwa nnazisoma zile barua nnasema, mwenzangu anastarehe. Nilikuchukia."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa Dubai na mtoto, huna mtu. Nikuongezee na magunia yangu?"

Mama alikaa chini pale pale, juu ya theluji, na baibui lake na sweta zake mbili. Nilitaka kumwinua, akanizuia kwa mkono.

"Ungeniandikia unabeba magunia," akasema. "Na mie nilikuwa nashona mabuibui ya watu mpaka macho yanauma. Tungekuwa wawili."

Baba alikaa karibu naye. Walikaa hivyo huku uwanda mzima ukidondoka maji, kila mti na kila jiwe. Baba alipotaka kumsaidia Mama kuinuka, miguu yake mwenyewe ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi mimi na Nassor tuwainue wote wawili.

Kurudi

Tuliteremka bila mkasa. Nassor alikataa kabisa malipo, akamwomba Mama maandazi yaliyobaki, akasema tangu mamake afariki hajala andazi lenye iliki.

Tulilala tena Nizwa. Kesho yake asubuhi njia ilikuwa kavu, na wadi ya Mudhaibi ilikuwa imebaki tope na watoto wanaotafuta vitu. Mama alikaa nyuma na Baba, jambo ambalo hakulifanya tulipokwenda. Baada ya Sinaw alianza kumwuliza maswali. Hayakuwa maswali makubwa. Ulilala wapi. Kulikuwa na nani mwingine. Ulikula nini mwezi wa Ramadhani, na ulijuaje kwamba mwezi umeandama. Baba alijibu kwa maneno mawili matatu, halafu kwa sentensi, halafu akawa hangoji kuulizwa. Alieleza jinsi alivyofuturu supu ya kabichi jikoni na mzee mwenye nyumba amekaa naye, hasemi kitu, anamngoja amalize. Mwaka wake wa kwanza mlimani, alisema, alianguka na gunia likapasuka, akauzoa unga kwenye theluji kwa mikono asijue upi unga na ipi theluji. Kwa kicheko ilimbidi Mama amwombe asite kidogo kusimulia.

Mimi nilikuwa nasikiliza, nikiwatazama kwenye kioo cha ndani. Nilipoona tunakaribia Ibra, nilipunguza mwendo mpaka sitini. Malori yakawa yanatupita na kupiga honi. Mpaka nafika miaka kumi na moja nilikuwa sina baba ninayemjua, na sasa nilikuwa naambiwa alikokuwa, mwezi kwa mwezi, na nyumbani zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Njia ya kuingia Ibra ilipofika sikukata kona. Niliona kwenye kioo kwamba Mama ameona. Alimmiminia Baba chai na kumwuliza, "Halafu?" Nikaendelea kwenda mbele, njia ya kwangu Sur. Tulipouona mchanga wa Bidiya, Baba alikuwa bado yuko kwenye mwaka wa tano.